Mjue Mbwa Wako Akiwa Mzima

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wazee, nami sijui kiumbe anayeistahili methali hiyo kuliko mbwa. Sikio limejaa usaha, lakini ukifungua mlango mkia unatingishika vilevile. Goti linamuuma, lakini ukishika kamba ya matembezi anaruka. Siku utakayomkuta amejikunyata pembeni, chakula hakijaguswa na hageuzi hata kichwa akiitwa, jua ugonjwa una siku nyingi mwilini.

Kwa hiyo mtu akiniuliza dalili za mbwa mgonjwa ni zipi, simtajii. Namuuliza: wako akiwa mzima yukoje? Akilala anapumua mara ngapi kwa dakika? Fizi zake zina rangi gani? Bakuli la maji unalijaza mara ngapi kwa siku? Choo chake cha kawaida ni kigumu au laini? Wengi hucheka. Wachache hunyamaza wakifikiri, na hao ndio tunaoendelea kuzungumza.

Wangu anaitwa Doa, jike chotara mwenye rangi ya mchanga na baka jeupe kifuani. Karibu kila jioni akishatulia nampitishia mikono mwili mzima. Yeye anadhani ni mapenzi tu, mimi nakagua. Naanza na masikio, na huko natumia pua kuliko macho, maana sikio lenye fangasi hunuka hamira iliyochacha kabla halijaanza kuonekana chafu. Nafunua mdomo. Nabonyeza fizi kwa kidole mpaka ipauke, kisha naachia. Wekundu unatakiwa urudi ndani ya sekunde 2. Ukichelewa, damu haizunguki inavyopaswa. Fizi zilizopauka zenyewe zinaonyesha upungufu wa damu, zenye umanjano zinakupeleka kwenye ini au kwenye damu inayoharibika, na za bluu zinakupeleka kwa daktari muda huohuo. Mbwa mwenye fizi nyeusi kwa asili, vuta kidogo ukope wa chini utazame utando wa ndani.

Kisha mbavu, kwapa, tumbo, chini ya mkia, katikati ya vidole vya miguu. Uvimbe wowote mpya naukumbuka ulipo na ukubwa wake. Kazi yote haizidi dakika chache, na faida yake kubwa si ninachokipata jioni hiyo. Faida ni kwamba mikono inazoea. Siku kitu kikibadilika, kidole kinajua kabla ya akili.

Kuna imani mbili ningependa zife. Ya kwanza ni ya pua: kwamba pua baridi yenye unyevu ni afya, na pua kavu ni homa. Pua ya mbwa hukauka akilala na hulowa akijilamba, basi. Ya pili ni kumshika mbwa tumboni na kutangaza kuwa ana homa kwa sababu ana joto. Mbwa mzima ana joto la takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo mkono wa binadamu utamwona ana homa siku zote. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa, kikiwa kimepakwa mafuta kidogo, ndicho kinachosema kweli. Mzoeshe angali mdogo na mzima, si siku ya ugonjwa.

Na kupumua: mhesabie akiwa usingizini, kifua kikipanda na kushuka ni mara moja. Mzima kwa kawaida huwa chini ya 30 kwa dakika. Kwa mbwa mzee mwenye moyo mbovu, idadi hiyo ikianza kupanda siku baada ya siku, mara nyingi ndiyo habari ya kwanza kwamba maji yanajaa kwenye mapafu, kabla hata ya kikohozi.

Lakini yapo magonjwa ambayo jicho lolote, hata lililo makini, linafika limechelewa. Hayo dawa yake ni chanjo, na la kwanza ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye mate, huingia kwa jeraha, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili zikishaanza, kwa mtu au kwa mnyama, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa huambukizwa na mbwa, na kwamba vifo duniani vinakadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka, wengi wakiwa wa Asia na Afrika, na karibu 4 kati ya kila 10 wakiwa watoto walio chini ya miaka 15. Kinachotia hasira ni kwamba kinga ipo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchoma sindano mtoto Joseph Meister aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mtoto akaishi. Mbwa wapatao asilimia 70 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Watu wanatarajia mbwa mwenye kichaa awe anakimbia huku na huko akiuma kila kitu. Yupo wa namna hiyo. Lakini yupo mwingine, na huyu ndiye ninayemwogopa zaidi: ametulia, taya limelegea, mate yanamtiririka, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anadhani mfupa umemkwama, anaingiza mkono kinywani kuutafuta. Mwingine alikuwa mkali miaka yote, leo anamsogelea kila mgeni kwa upole usio wake. Hapa ndipo kumjua mbwa wako kunapookoa maisha yako mwenyewe, maana kinachotakiwa kukushtua si ukali, ni mabadiliko. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa mwenyewe, akiwa anajulikana na ni mzima, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipouma.

Kuhusu chanjo za mbwa mchanga, lalamiko ninalolisikia sana ni kwamba daktari anarudia sindano ileile ili apate hela. Sivyo. Mtoto wa mbwa hunyonya kinga ya mama yake kwenye maziwa ya mwanzo, na kinga hiyo ikiwa bado na nguvu huizima chanjo. Hakuna anayejua kwa mtoto huyu itaisha wiki ya 8 au ya 14. Kwa hiyo chanjo ya distempa, parvo na homa ya ini, magonjwa matatu ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, ili mojawapo ikute mlango uko wazi. Ile ya kichaa kwa kawaida hutolewa akiwa na umri wa wiki 12 hivi, hurudiwa baada ya mwaka, na baada ya hapo hufuata ratiba ya chanjo yenyewe na sheria ya mahali. Anayemaliza dozi moja na kusema "nimeshachanja" hajachanja.

Parvo isikie tu kwa wenzako. Ilijitokeza kwa mbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikaenea dunia nzima kwa muda mfupi. Mtoto anatapika, anahara damu yenye harufu usiyoisahau, na anaweza kufa ndani ya siku chache kwa kukaukiwa maji. Virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi, hata zaidi ya mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Klorini ya kuondolea madoa ndiyo inayoviweza. Nyumba iliyompoteza mbwa kwa parvo isilete mtoto mwingine asiyechanjwa kesho yake.

Wapo watakaosema huku kote ni anasa ya watu wasio na kazi, mbwa ni mbwa. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa miaka takriban 14,000 iliyopita. Pamoja nao kulikuwa na mbwa aliyekufa akiwa na umri wa miezi 6 au 7. Wataalamu walioyachunguza meno yake baadaye waliona alama zinazolingana na distempa iliyomrudia kwa wiki kadhaa, na hoja yao ni kwamba asingeweza kuzivuka wiki zile bila mtu wa kumtunza. Watu wale hawakuwa na chanjo wala nyumba ya matofali. Walikuwa na mtoto wa mbwa mgonjwa, asiye na faida yoyote kwao, na wakamuuguza. Mimi nikichekwa kwa kumshika Doa fizi, nawakumbuka hao.

Kupe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanapigana vita upande mmoja tu. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba: jike akishashiba damu hujiangusha, huingia kwenye ufa wa ukuta au wa banda, na hutaga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa ukaliacha banda, umewaondoa wageni ukabakiza wenyeji. Nyufa zizibwe, matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na yaanikwe juani, na dawa ya mwilini irudiwe kwa tarehe yake, si mpaka umwone kupe. Aliyekwisha kung'ata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta ya taa kunamuunguza mbwa tu, na kupe akisumbuliwa anaweza kutema zaidi yaliyomo tumboni mwake.

Anachotema ndicho tatizo. Kupe huyo hubeba vimelea vya babesia, vinavyopasua chembe nyekundu za damu mpaka mkojo unakuwa wa rangi ya kahawa, na bakteria wa erlikia, wanaopunguza chembe za kugandisha damu mpaka pua inavuja damu pasipo kuumia. Yote mawili yanatibika yakiwahiwa. Yote mawili huanza na mbwa "mvivu kidogo" ambaye hakumaliza chakula.

Na tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe ni ya ng'ombe. Kiasi kinachomfaa mnyama wa kilo 400 hakipunguzwi kwa kukisia. Hata ivermektini, inayotumika sana kwa mifugo, kwa kiasi kikubwa inaweza kuwaua mbwa wa jamii ya Collie, ambao wengi wao wana hitilafu ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia ubongoni. Pia kama nyumbani kuna paka, soma lebo mara mbili: permethrini inayovumiliwa na mbwa humuua paka.

Minyoo haina haja ya maneno mengi. Mtoto wa mbwa huzaliwa nayo tayari, imepita tumboni mwa mama, ndiyo sababu dawa huanza akiwa na wiki 2 na hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka aache kunyonya. Ukiona vipande vyeupe mfano wa punje za mchele chini ya mkia, hiyo ni tegu, na inaletwa na viroboto anaowameza akijikuna kwa meno. Tibu vyote viwili. Usimpe maini na mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi, hasa yenye vijifuko vya maji. Mbwa akila hayo hubeba tegu mdogo sana ambaye mayai yake, yakimfikia mtu, hujenga uvimbe mkubwa kwenye ini au mapafu. Zoa kinyesi. Osha mikono ya watoto.

Sasa chakula. Mbwa mnene anasifiwa, mwenye kiuno anaonewa huruma, na inapaswa iwe kinyume. Kuna utafiti mmoja ambao kila mwenye mbwa angeujua, bakuli lingepungua. Watoto 48 wa Labrador waligawanywa wawiliwawili, ndugu kwa ndugu. Mmoja akala kiasi chake, mwenzake akapewa robo pungufu, chakula kilekile, maisha yao yote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliokula pungufu waliishi wastani wa kati wa miaka 13, wenzao miaka 11.2, na maumivu ya viungo yaliwachelewa sana. Karibu miaka 2 ya mbwa, kwa kupunguza tu! Kipimo changu ni mikono: nipapase mbavu bila kubonyeza sana, na nikimtazama kwa juu nione kiuno. Nisipozihisi mbavu, kijiko kinapungua, hata macho yake yaniombe vipi. Na ananiomba, maana Doa ni mwigizaji.

Mbwa si mbwamwitu wa sebuleni. Mwili wake umejifunza kumeng'enya wanga tangu alipoanza kuishi nasi, hivyo chakula kilichopikwa chenye nafaka si sumu. Sumu ni vingine: vitunguu vya aina zote, vikiwemo saumu, ambavyo huharibu damu polepole, zabibu mbichi na kavu, ambazo zinaweza kuua figo, chokoleti, na iliyo nyeusi zaidi ni mbaya zaidi, pombe, unga uliokandwa na hamira kabla ya kuokwa. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Ila ninachokiogopa kuliko vyote ni zailitoli, sukari mbadala iliyomo kwenye bazoka nyingi zisizo na sukari, baadhi ya dawa za meno na siagi fulani za karanga. Kwa binadamu haina neno. Kwa mbwa huamsha insulini ghafla, sukari ya damu ikaporomoka hata ndani ya nusu saa, na ini linaweza kufuata. Mkoba wa mgeni ulioachwa sakafuni ni hatari kuliko jalala. Vivyo hivyo dawa zetu za maumivu: paracetamoli na ibuprofeni zimewamaliza mbwa wengi mikononi mwa watu waliokuwa wakiwaonea huruma.

Joto linaua haraka kuliko sumu nyingi. Mbwa hatoi jasho mwilini, ila kidogo kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema, na kuhema hakufui dafu hewa ikiwa ya moto na yenye unyevu. Wenye pua fupi, kama Bulldog na Pug, wana shida hata siku ya kawaida. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na dirisha lililoachwa wazi kidogo halibadilishi jambo. Mwili ukivuka nyuzi 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Ulimi mwekundu mno, kuyumba, kutapika: mpoze kwanza, safari ya kwa daktari baadaye. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, endelea kummwagia. Wasiwasi wa zamani kwamba maji ya baridi yatamuua umewachelewesha wengi. Taulo lililolowa usimfunike ukaliacha juu yake, maana linafungia joto ndani.

Nimesema mengi ya mwili, lakini mbwa anaweza kuwa na damu safi na mbavu nzuri akawa na maisha ya taabu. Wa kufungwa mnyororo mfupi mchana kutwa huyo ndiye. Hana pa kukimbilia akiogopa, kwa hiyo hujifunza kuuma kwanza, na mwenyewe anajivunia kuwa ana mbwa mkali. Kamba ya kutembezea ni sawa. Maisha ya mnyororo siyakubali.

Mbwa akinguruma usimpige. Kunguruma ni taarifa: "nimefika mwisho, sogea." Ukimfundisha kwa fimbo kwamba taarifa hiyo inaadhibiwa, hofu inabaki palepale, kinachotoweka ni onyo, na siku nyingine utasikia watu wakisema aliuma bila sababu. Kabla ya kunguruma alikwisha kusema mengi kimyakimya: alijilamba midomo bila chakula, alipiga miayo bila usingizi, aligeuza kichwa weupe wa jicho ukaonekana. Hata mkia unaotingishika si furaha kila mara; ukiwa umenyooka juu, mgumu, unapiga kwa kasi ndogondogo, kaa mbali. Watoto wengi huumwa na mbwa wanaowajua, wakimkumbatia shingoni au wakimkuta anakula. Mfundishe mtoto, kisha kaa karibu hata hivyo.

Msingi wa tabia hujengwa mapema, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Sauti, wazee, watoto, kofia, baiskeli, radi, vyote avionje wakati huo kwa utulivu. Chanjo zitakuwa hazijakamilika, kwa hiyo mbebe. Aone dunia bila kuikanyaga.

Furaha yenyewe ni rahisi kuliko tunavyodhani, na nyingi iko puani. Binadamu tuna vipokezi vya harufu takriban milioni 5 au 6. Baadhi ya mbwa wanakadiriwa kuwa navyo hadi milioni 300. Matembezi ya kumvuta kwa kasi, asinuse hata nguzo moja, ni ya kwako, si yake. Siku mguu wangu haupo sawa nampa Doa nusu ya mlo kwa kuutawanya kwenye majani, na robo saa ya kutafuta inamchosha kuliko mwendo mrefu. Akimaliza analala usingizi wa miguu kutapatapa.

Jike asiyekusudiwa kuzaa, mimi ni wa upande wa kumfunga kizazi. Muda wa kufanya hivyo mwachie daktari, maana hutegemea umbo na umri. Asiyefungwa, mwangalie wiki chache baada ya kila joto la kutaka dume: akinywa maji kupita kawaida yake, amezubaa, labda na usaha ukimtoka nyuma, huenda mji wa mimba umeoza. Unaona tena lile swali la bakuli la maji.

Ndiyo maana nina daftari. Tarehe za chanjo, uzito, siku alipoacha chakula, rangi ya matapishi. Daktari hapigi ramli; ukimwambia "tangu juzi jioni, mara tatu, ya njano" umemwondolea nusu ya kazi. Mengi ninayoyaandika humo yanaweza kungoja: kuhara mara moja, kuchechemea kidogo, mlo mmoja uliobaki. Yasiyongoja ni degedege linalopita dakika 5, fizi zilizopauka ghafla, kupumua kwa shida, kushindwa kukojoa, sumu uliyomwona akiila hata kama bado anacheza. Na kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, tumbo likivimba huku anajaribu kutapika na hakitoki kitu, tumbo hilo limejaa hewa na huenda limejisokota. Usimpe kitu mdomoni, usingoje asubuhi; mpakie, na umpigie daktari ukiwa njiani.